Mbwa wa ulinzi anayeishi na familia: mwongozo kamili wa kumlea

Katika nyumba nyingi za mjini, iwe Mbezi au Kitengela, mbwa wa ulinzi anaishi maisha ya aina moja. Alfajiri anafungiwa bandani, mchana kutwa anatazama ukuta, saa nne usiku anafunguliwa, na anayemgusa ni mlinzi peke yake. Watoto wameonywa wasimsogelee. Getini kuna kibao cha MBWA MKALI. Ukimuuliza mwenye nyumba kwa nini hamzoeshi na watu, anakujibu kwamba akizoea watu atalegea, hatalinda tena.

Ni kinyume chake. Mbwa hulinda watu anaowahesabu kuwa wake. Aliyekulia bandani hana watu, ana uzio na hasira tu. Anabwekea paka, anabwekea bodaboda, anambwekea mtoto wa nyumba hiyohiyo akirudi shule, na baada ya muda hakuna anayeinuka kitandani kwenda kuangalia kuna nini. Aliyelelewa ndani ya familia anaujua mlio wa gari la baba, hatua za dada akienda kuanua nguo, na kishindo cha geti la jirani. Ya kawaida anayajua, kwa hiyo lisilo la kawaida linamshtua, na akibweka usiku mnajua kuna jambo.

Basi inawezekana kabisa mbwa akawa mlinzi na bado akapendwa, akalala kibarazani miguuni pa babu. Lakini haiji yenyewe. Inahitaji mpango tangu siku ya kumchagua.

Amua kwanza: abweke au aume?

Karibu kila familia inahitaji mbwa wa kubweka. Mwizi anachagua nyumba ya kuingia, na sauti nzito nyuma ya geti inatosha kumfanya aendelee na safari yake. Mbwa wa kuuma kwa amri ni wa polisi na kampuni za ulinzi: anafundishwa na mjuzi, anaongozwa na mtu mmoja, na sehemu kubwa ya mafunzo yake ni kuachia anapoambiwa aachie. Huwezi kuwa na mbwa wa namna hiyo katika uwanja ambamo watoto wa jirani wanaruka uzio kufuata mpira.

Akija mtu akakuambia atamtia mbwa wako ukali kwa kumchokoza na fimbo, kumlisha pilipili au kumpa bangi, mwonyeshe geti. Pilipili inamuunguza tumbo, bangi ni sumu kwake, na fimbo inamfundisha jambo moja tu, kwamba mkono wa binadamu ukiinuka ni wa kuumwa. Mkono wa mwanao nao huinuka, tena kila siku.

Kumchagua

Watu huanza na jina la aina. German Shepherd alitengenezwa Ujerumani kwa kazi ya kuchunga kondoo, na mbwa wa kwanza wa aina hiyo aliandikishwa na Max von Stephanitz mwaka 1899. Ni mwepesi wa kufundishika lakini akikosa kazi anaharibika. Rottweiler aliswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya wachinjaji. Boerboel wa Afrika Kusini anaweza kupita kilo 60, na kwa mtu ambaye hajawahi kufuga mbwa sishauri. Mbwa wetu wa kienyeji wanadharauliwa bure: wanalizoea joto letu, wana masikio mepesi, na ukimlea mmoja wao vizuri hutatamani mwingine.

Lakini kuliko aina, mtazame mama yake. Mwombe muuzaji akupeleke anapofugwa. Mama akijirusha kwenye wavu mate yakimtoka, au akijikunyata pembeni kwa woga, ondoka hata kama watoto ni wazuri, kwa sababu tabia hurithiwa, na wiki za mwanzo watoto hujifunza kwa mama. Muuzaji asiyetaka kukuonyesha mama, yule mwenye boksi kando ya barabara, mpite. Wengi wa watoto hao wameachishwa kunyonya mapema mno. Wiki 8 ndio umri mzuri wa kumhamisha.

Ukishafika, chuchumaa na utulie. Kisha dondosha funguo sakafuni, hatua chache kutoka walipo. Mmoja atakimbia asirudi. Mwingine hatajali hata kidogo. Unayemtaka ni yule atakayeshtuka, akasimama, halafu akasogea kuzinusa. Anaogopa kwa kiasi na udadisi unashinda woga, na huyo ndiye atakayeweza kuishi na wageni, watoto na kelele za mtaa.

Wiki 14 za mwanzo

Hapa ndipo kazi nzima ilipo. Ubongo wa mtoto wa mbwa uko wazi kupokea vitu vipya kuanzia wiki ya 3 hadi kama ya 14. Alichokutana nacho kwa amani katika kipindi hicho anakihesabu kuwa sehemu ya dunia, na asichokutana nacho atakitilia shaka. Mwaka 1961 watafiti wa Marekani, Freedman, King na Elliot, walichapisha jaribio ambalo watoto wa mbwa walilelewa uwanjani ndani ya uzio bila kuguswa na mtu. Waliotolewa mapema na kuzoeshwa wakawa mbwa wa kawaida. Walioachwa hadi wiki ya 14 walikuwa kama wanyama wa porini, hawakushikika. Mbwa wengi wa mabandani ni jaribio hilo likiendelea majumbani mwetu.

Ukimchukua akiwa na wiki 8, umebakiwa na takriban wiki 6. Zipange. Andika karatasini watu na vitu atakavyoishi navyo, ubandike jikoni: mzee mwenye mkongojo, mwanamke wa buibui, mwanamume wa kanzu na kofia, kijana wa gesi aliyebeba mtungi begani, fundi mwenye ngazi, mtoto anayetambaa, mtoto anayelia, mwamvuli unaofunguka, bajaji, kengele ya kanisa, adhana, mvua kwenye bati, kuku, mbuzi wa jirani. Kila siku akutane na viwili vitatu. Sio kumsukumia. Unakaa naye mbali kidogo, yeye anatazama, wewe unampa kipande cha dagaa au ini lililochemshwa. Akila kwa raha, sogeeni. Akikataa chakula mmekaribia mno, rudini nyuma.

Madaktari wa mifugo watakuambia usimtoe nje kabla chanjo hazijakamilika, na hofu yao ni ya kweli, kwa sababu parvo, ugonjwa wa virusi unaoharisha damu, inaua watoto wa mbwa kwa siku chache. Chanjo huanza wiki ya 6 hadi ya 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka kama wiki ya 16. Lakini ukimfungia mpaka wiki hiyo, mlango utakuwa umeshafungwa. Mbebe. Mweke kwenye kapu au mapajani, kaa naye nje ya duka, pita naye sokoni bila kumshusha chini. Alete shangazi watoto wake nyumbani. Asikanyage mahali penye kinyesi cha mbwa wengine, basi.

Katika wiki hizohizo mshikeshike mwilini kila jioni: masikio, mdomo, vidole, mkia. Mtafute kupe akiwa mapajani. Mbwa aliyezoea kushikwa hatamuuma daktari, wala hatamuuma mtoto atakayemkanyaga bila kukusudia.

Banda, kibaraza na nyumba

Banda si kosa. Kosa ni banda kuwa maisha. Lijenge kivulini, paa lisimkaushe kwa joto, liwe na maji, na liwe mahali anapoweza kuona watu wakipita. Mlango ukae wazi muda mwingi ili aingie mwenyewe kupumzika. Mnyororo wa kutwa nzima uache kabisa: mbwa aliyefungwa anajua hawezi kukimbia, kwa hiyo kilichobaki ni kuuma. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina sheria yake ya kuzuia ukatili kwa wanyama. Kumtesa mbwa ni jinai kote kuwili.

Pwani na Zanzibar, ambako wengi wanafuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hilo halizuii malezi mema. Mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa shamba wameruhusiwa, na familia inaweza kuwa na mipaka iliyo wazi: mbwa ana kibaraza chake na vyombo vyake, haingii vyumbani wala panaposwaliwa, ana nguo maalumu ya kumhudumia. Mbwa hahitaji kulala kitandani ili ajue anapendwa. Anahitaji sauti ya upole, matembezi, na watu wanaokaa karibu naye. Na jirani anayechukia kuguswa na mbwa aheshimiwe: mbwa wako asimrukie mtu njiani.

Anayempa chakula

Hili linasahaulika sana. Kama mlinzi ndiye anayemlisha, kumfungua na kumfungia, basi mbwa ni wa mlinzi. Mlinzi akiacha kazi, asubuhi utajikuta na mnyama wa kilo 40 uani kwako asiyekutambua. Kila mtu mzima wa nyumba ampe chakula kwa zamu, na watoto wakubwa wampe chini ya macho ya mzazi. Mara mbili kwa siku, saa ileile, bakuli lilelile.

Ugali wa dona na dagaa waliochemshwa bila chumvi, mboga kidogo, vichwa na miguu ya kuku iliyochemshwa ikaondolewa mifupa, ni chakula ambacho nyumba nyingi zinakimudu. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka kama sindano, usimpe. Vitunguu, chokoleti na zabibu ni sumu kwake. Dawa ya minyoo apewe kwa ratiba ya daktari, maana minyoo ya mbwa huingia kwa watoto wanaocheza mchangani.

Maneno manne

Kaa. Njoo. Acha. Kwako. Haya manne yakimkaa, umepata mbwa anayeweza kuishi na watu. "Kwako" ni mkeka au kipande cha zulia anachokwenda kulala akiambiwa. Nyumba nzima itumie maneno yaleyale. Baba akisema "kaa", dada akisema "chini" na mtoto akisema "sit", mbwa hana la kushika.

Mfundishe dakika tano asubuhi na tano jioni, akiwa na njaa kidogo. Akifanya, mpe kipande na umsifu saa hiyohiyo. Asipofanya, hapati, hachapwi. Kwa "njoo" kuna sharti moja: usimuite kamwe ili umwadhibu. Akija, hata kama ametoka kuchimba bustani ya mama, ni mema tu yanayomngoja.

Getini

Kuanzia miezi 6 ataanza kubweka kwa sauti ya utu uzima. Akibweka, nenda ukaangalie anachokuonyesha. Mwambie "vizuri", tazama, kisha "inatosha", na akinyamaza mpe kitu. Hivyo anajifunza kwamba kazi yake ni kukuita, na uamuzi ni wako. Mbwa anayepigwa kelele wakati anabweka huona kwamba na wewe unabweka, kwa hiyo anaongeza.

Mgeni akifika, utaratibu uwe mmoja daima. Mbwa anabweka, mnamsifu, anaambiwa "kwako", ndipo geti linafunguliwa.

"Hodi hapa!"

"Karibu shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Lakini mwanangu, hilo jibwa mmelifunga?"

"Yuko mkekani kwake, shangazi. Ingia tu, usimtazame wala usimwite. Akitaka atakuja mwenyewe."

Shangazi anapita, anakaa, anapewa maji. Mbwa ameinua kichwa, masikio mbele, pua inafanya kazi. Baada ya dakika chache baba anamruhusu. Anasogea kwa kuzunguka, ananusa pindo la khanga, anamtazama baba, anarudi kulala. Hakuna aliyemlazimisha mwenzake. Mkirudia hivi kila mgeni anapokuja, mbwa anajifunza kusoma uso wenu: anayekaribishwa na familia ni salama, na anayeruka ukuta saa nane usiku hajakaribishwa na mtu.

Mlango ambao mtu wa nje anaweza kuusukuma akaingia bila kukaribishwa ufungwe kwa komeo saa zote, hata mbwa awe mpole namna gani. Msoma mita, mletaji wa vifurushi na mtoto aliyefuata tiara yake hawajui utaratibu wenu.

Watoto

Watoto wengi wanaoumwa huumwa na mbwa wanayemfahamu, tena mara nyingi nyumbani. Kwa hiyo wafundisheni watoto pamoja na mbwa. Asisumbuliwe akila. Asiamshwe kwa kuguswa akilala, aitwe jina. Asipandwe mgongoni, asikumbatiwe shingoni. Akienda mkekani kwake ameomba kupumzika, hakuna wa kumfuata. Na mtoto wa chini ya miaka 6 asiachwe na mbwa hata dakika moja bila mtu mzima kuwaona wote wawili, awe mbwa gani.

Kumpapasa kuna njia yake. Mtoto anakaa, mbwa anakuja. Mtoto anampapasa kifuani au ubavuni, anahesabu moja, mbili, tatu, anaondoa mkono. Mbwa akisogea au akiuegemea mguu, ampapase tena. Akigeuza kichwa, amesema imetosha.

Mzazi ajue lugha ya mbwa kabla haijafika kunguruma. Analamba pua na hakuna chakula. Anapiga miayo na hana usingizi. Anageuza uso lakini macho yanabaki kwa mtoto, weupe wa jicho unaonekana ukingoni. Mdomo uliokuwa wazi unafungwa ghafla, mwili unakakamaa. Hapo mwite mtoto kwa sauti ya kawaida, mpe mbwa nafasi. Akinguruma, tafadhali usimchape. Kunguruma ni onyo. Ukimwondolea onyo kwa fimbo, siku nyingine atauma kimya, na mtasema ameuma bila sababu.

Mkia unaotikisika haumaanishi furaha kila mara. Ule wa chini na mpana, mwili mzima ukicheza, ni wa furaha. Uliosimama juu, mgumu, ukitikisika kwa haraka ncha tu, ni wa mbwa aliyejiandaa.

Usiku na nyama ya sumu

Wezi hurusha nyama yenye sumu, na mbwa mwenye njaa aliyezoea kutupiwa chakula juu ya uzio huila kwanza. Mbwa wako ale bakulini tu, ashibe jioni, na "acha" liwe zoezi la kila siku kwa vipande vilivyowekwa chini sehemu mbalimbali za uwanja. Hata hivyo usitegemee mafunzo peke yake. Alale karibu na mlango, kibarazani ndani ya wavu ikiwezekana, mbali na ukuta wa barabarani. Sauti yake inafika huko vilevile.

Akitetemeka, akitokwa povu au akianguka, usimmiminie maziwa wala mafuta ya kula mdomoni, yataingia mapafuni. Mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, pamoja na mabaki ya alichokula. Namba ya daktari anayepokea simu usiku itafute leo, kabla hujaihitaji.

Mbwa mkubwa aliyekulia bandani

Wengi wanaouliza wana mbwa wa miaka mitatu ambaye hakuguswa na mtu. Huyo anaweza kuwa bora kuliko alivyo, lakini siwezi kukuahidi kwamba atakuwa mbwa wa kuchezewa na watoto. Anza kwa kukaa nje ya banda ubavu ukiwa upande wake, soma gazeti, mrushie vipande vya nyama bila kumtazama. Kila siku, saa ileile. Siku akianza kukungoja wavuni mwili ukiwa mlegevu, ongea naye. Baadaye mzoeshe mkanda wa shingoni na kifungio cha mdomo cha aina inayomruhusu kuhema na kunywa, mtoke alfajiri barabara ikiwa tupu. Watoto wabaki upande wa pili wa wavu mpaka mtu mwenye ujuzi amwone na kuamua. Kwa wengine upande wa pili wa wavu ndio utakuwa mpaka wa maisha yao yote, na bado wanaweza kuwa na matembezi, kivuli, na mtu wa kukaa nao.

Chanjo ya kichaa, na siku akiuma

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akifika miezi 3 na hurudiwa kila mwaka. Halmashauri nyingi huchanja karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kadi yake itunzwe pamoja na vyeti vya watoto. Kanuni ya Adhabu, Tanzania na Kenya, inamshtaki mwenye mnyama asiyechukua tahadhari dhidi ya hatari anayoweza kuleta, na kibao cha MBWA MKALI hakikuondolei wajibu huo.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa, na mbwa wako au wa mtaani, jeraha lioshwe palepale kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Msipake pilipili, majani wala mafuta ya breki. Aende hospitali siku hiyohiyo akaelezwe sindano zake, asingoje kuona kama mbwa ataugua, kwa sababu kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba. Mbwa asiuawe kwa hasira. Afungiwe mahali salama, daktari wa mifugo amchunguze kwa siku 10, na kadi ya chanjo ipelekwe hospitalini pamoja na aliyeumwa.